Siku Ngazini Yote Ilipokuwa Safarini

Hadithi hii imenifikia kwa simu, na mimi nakupelekea kwa simu hiyo hiyo. Ukishaimaliza utaona hapo pana aibu kidogo, yangu na yako. Soma tu.

Palikuwa na kijiji juu mlimani, jina lake Ngazini. Barabara ya magari iliishia bondeni, penye zahanati na soko. Kutoka hapo kwenda juu ni njia ya miguu, nyembamba, yenye mawe yanayoteleza hata kiangazi. Pikipiki zilizowahi kujaribu kuipanda ziliteremshwa zikiwa zimebebwa.

Kwa hiyo mtu akizidiwa huko Ngazini hakuwa na usafiri ila mabega ya wenzake. Alilazwa kwenye machela, yaani miti miwili mirefu iliyofungiwa blanketi katikati, wakaishika watu wanne, wakaanza kuteremka. Wanne hao hawafiki mbali. Mteremko unakata magoti, na lazima nyuma yao wawepo wengine, na nyuma ya hao wengine tena, wapokezane njia nzima. Machela ya Ngazini ilihitaji kijiji.

Ndiyo maana kila nyumba ilikuwa na ngata yake. Si ile ya kichwani ya kubebea ndoo. Hii ilikuwa ya begani, imesokotwa kwa majani makavu ya mgomba, na ilitundikwa nyuma ya mlango. Bibi harusi akiingia kwa mumewe, kazi yake ya kwanza ilikuwa kuisokota. Mtoto akiichezea, alichapwa. Ngata ile haikuwa na kazi nyingine yoyote, ilikaa pale kungoja baragumu.

Baragumu lilikuwa la Mzee Kiondo, na alilirithi kwa baba yake. Alikuwa mzee mfupi, mwenye mashavu makubwa, mpenda ugoro, na mwenye majivuno yasiyo na kipimo juu ya pembe yake ile. Kila Jumamosi alilipuliza kidogo, eti analisafisha koo, mbuzi wakakurupuka na majirani wakalalamika. Lakini likilia mara tatu, kwa mivumo mirefu, na ule wa tatu ukapanda juu mwishoni, hakuna aliyelalamika. Hiyo ilikuwa machela. Mtu aliacha jembe kwenye tuta na uji jikoni, akachomoa ngata nyuma ya mlango, akakimbia.

Hakuna aliyeuliza kwanza mgonjwa ni nani. Swali hilo liliulizwa uani kwa mgonjwa, watu wakihema, ngata zikiwa tayari begani. "Nani mgonjwa?" Na hata kama ni yule uliyegombana naye juu ya mpaka wa shamba jana, ulikuwa umeshafika, ungefanyaje? Ulibeba.

Ndipo Tenende akachaguliwa mwenyekiti wa kitongoji.

Tusimseme vibaya Tenende. Alikuwa kijana mwenye bidii, anayependa maendeleo, na kwa kweli alikipenda kijiji chake. Mnara wa simu ulipojengwa mlima wa pili, yeye ndiye aliyewahimiza watu wanunue simu za kupangusa, akawafundisha wazee kwa wake zao namna ya kuzitumia. Akafungua grupu, akaliita Ngazini Yetu. Karibu kila nyumba ikaingia. Hata waliohamia mjini miaka mingi wakaingia, na watu wakafurahi kusalimiana na ndugu waliokuwa wamewasahau sura.

Grupu lilifanya kazi nzuri. Mbuzi aliyepotea alipatikana. Bei ya maharage ilijulikana kabla mtu hajateremka sokoni. Tenende akaona huo ndio wakati wa kulistaafisha baragumu.

Akamwendea Mzee Kiondo nyumbani kwake.

"Mzee, umetumikia vya kutosha," alisema. "Sasa mtu akiugua, nitaandika kwenye grupu. Sekunde moja tu, kijiji kizima kimejua. Hata aliye bonde la pili, usikofika mlio wako."

Mzee Kiondo akavuta ugoro, akapiga chafya, akajifuta.

"Hiyo simu yako ikilia, mtu anainuka?"

"Hata kuinuka hakuna haja, Mzee. Habari inamfuata pale pale alipokaa."

"Pale pale alipokaa," mzee alirudia. Kisha akacheka, maana hakutaka kuonekana anamwonea mtu wivu. "Haya mwenyekiti. Chukua."

Baragumu likatundikwa ukutani katika ofisi ya kitongoji. Tenende akalipiga picha, nzuri sana, jua likiangukia pembe, akaiweka iwe picha ya grupu. Watu wakaisifu. Mkewe mzee, Bi Nakijwa, ambaye hakujua kusoma wala hakuwa na simu, alionyeshwa ile picha akasema imependeza, ila haitoi sauti. Watu wakacheka.

Ngata nazo zikaanza kushuka nyuma ya milango. Moja ikawa ya kubebea ndoo. Nyingine ikawashia moto siku ya mvua. Mabibi harusi wapya wakaambiwa waache tu, hayo ni mambo ya zamani.

Machela za kwanza zilizoitwa kwa simu zilipata watu, nisikufiche. Mazoea yalikuwa bado yamo miguuni. Lakini kila mara idadi ilipungua kidogo, na waliobaki hawakuliona hilo, kwa sababu kwenye simu idadi ya majibu ilikuwa inaongezeka.

Asubuhi moja Bi Nakijwa alifika mlangoni kwa Tenende bila hata viatu.

"Mwanangu, mzee wako usiku hakulala. Ile ngiri yake ya kinenani imekaza, tumbo limekuwa gumu, anatapika. Niitie watu."

"Rudi ukakae naye, mama. Kabla hujafika nyumbani watu watakuwa wameshajua."

Na kweli walijua. Tenende aliandika vizuri, maana alikuwa na mkono wa kuandika: "Ndugu zangu, Mzee wetu Kiondo amezidiwa. Machela inahitajika SASA. Tukutane uani kwake." Akatuma.

Majibu yakaporomoka. "Ugua pole, baba yetu." "Mungu akuinue, Mzee." "Tuko pamoja." "Pamoja sana, mwenyekiti." Vikono vya kuomba vikajaa ukurasa mzima, na maua, na mioyo. Mmoja akatafuta picha ya zamani ya mzee anapuliza baragumu, mashavu yamemvimba, akaituma. Wakaipenda, wakaanza kukumbushana visa vyake vya ugoro.

Tenende alikuwa ameshasimama kutoka. Ngata yake ilikuwa ingali nyuma ya mlango, maana mama yake alikataa kuitoa. Lakini aliona si adabu watu waitike kiasi kile halafu msimamizi wa grupu akae kimya. Akaketi awashukuru. Alimshukuru huyu, akamshukuru yule, na kila aliposhukuru wawili wakaja watatu. Moyo ulimjaa. Kila jibu alilihesabu kuwa ni bega. Kwa hesabu hiyo, hapo uani kwa Mzee Kiondo palikuwa na mabega ya kubeba wagonjwa watano, na yeye mmoja angekwenda kuwasongamanisha tu. Kazi yake, alijiambia, ni kuratibu.

Baadaye kidogo Senzota, mwenye duka, akauliza: "Mwenyekiti, mgonjwa ameshatoka?"

Tenende akajibu: "Wako njiani."

Hakukusudia kusema uongo. Alidhani, akaandika alichodhani. Chini ya maneno yake watu wakaandika, "Mungu awatangulie." Na Senzota, kama alivyokuja kukiri mwenyewe baadaye, alikuwa ameshafunga mlango wa duka na kanzu ameikunja kiunoni. Aliposoma hayo akafungua duka tena.

Jua lilipokuwa utosini, Tenende akakumbuka kwamba Mzee Kiondo ana mbuzi, na kwamba Bi Nakijwa lazima ameteremka na mgonjwa. Akaona aende akawape mbuzi majani. Alikata mzigo mzuri, akajitwika, akaenda akipiga mluzi.

Alipokata kona ya uani, mluzi ukamfia mdomoni.

Machela ilikuwa chini, katikati ya ua. Mzee Kiondo alikuwa juu yake, ana jasho, macho ameyafumba, midomo imebabuka. Bi Nakijwa alikuwa amepiga magoti anampepea kwa upande wa kanga. Kando yao walikaa watu wawili tu. Mmoja ni Mzee Mbonea, fundi viatu, ambaye hakuwahi kununua simu. Wa pili ni Nasemba, mjane wa nyumba ya jirani, ambaye simu yake iliingia maji wiki iliyopita. Walikuja kwa sababu waliiona machela imetolewa nje. Ngata zao walikuwa nazo mapajani.

"Mwenyekiti," alisema Mbonea taratibu, "tumejaribu kuinua. Tumefika pale kwenye ua wa michongoma, tukarudi kuwangoja wengine, maana mama alisema umeshawaita."

"Wengine wako wapi?"

"Sisi ndio tunakungoja wewe utuambie."

Tenende alitupa majani, akatoa simu. "JAMANI MGONJWA BADO YUKO NYUMBANI! HAKUNA MTU ALIYEKUJA!" Majibu yakaja haraka kama kawaida. "Eh! Kweli?" "Inasikitisha sana." "Watu siku hizi hawana utu kabisa." "Hiki kizazi kimeharibika." Hayo aliyasoma amesimama mbele ya mgonjwa, na kila aliyeandika alikuwa anamlaumu mtu mwingine.

Ndipo akakimbia. Alikimbia mpaka ofisini, akalikwanyua baragumu ukutani, ukuta ukabanduka lipu, akarudi nalo. Akasimama katikati ya ua akaliweka mdomoni, akapuliza kwa nguvu zake zote.

Likatoa sauti ya mtu anayepenga kamasi. Akapuliza tena. Mbuzi hawakugeuka hata shingo.

Mzee Kiondo alifumbua macho. Alimtazama Tenende kwa muda, bila hasira. Kisha akanyoosha mkono.

"Lete."

"Baba, acha, utajiumiza," mkewe alisema.

"Niinueni."

Wakamwinua, Mbonea nyuma yake kama ukuta. Mzee akafuta mdomo wa pembe kwa kiganja, jinsi alivyofanya siku zote, maana hakupenda mate ya mtu mwingine. Akavuta pumzi. Tenende aliona tumbo lile gumu likitetemeka chini ya shuka, akageuza uso.

Mvumo wa kwanza ukatoka, mrefu, mzima. Wa pili ukatoka. Wa tatu ukaanza vizuri, ukapanda, na pale unapopaswa kwenda juu kabisa ukakatika.

Kukawa kimya. Halafu huko mashambani mbwa wakabweka, na watu wakaanza kuonekana.

Walikuja kutoka kila upande. Walikuja wanawake wenye unga mikononi, wanaume waliojifunga vitambaa vichwani, wamelowa jasho. Waliokuwa hawana tena ngata walikunja mashati na kanga wakaweka begani. Senzota alikuja mbio duka likiwa wazi. Na nyuso zao, hili ndilo linalomuumiza Tenende mpaka leo, nyuso zao zilikuwa na furaha kidogo. Kila mtu Ngazini aliijua pumzi ya Mzee Kiondo. Waliposikia baragumu wakasema, loo, kumbe mzee ameshapona, ndiye huyo anapiga mwenyewe. Wakaingia uani wakihema, wakauliza kama walivyouliza siku zote:

"Nani mgonjwa?"

Walimwona amelala, pembe iko juu ya kifua.

Walimbeba. Nisiwanyime haki yao, walimbeba kama hawajawahi kubeba mtu. Walipokezana hata kabla bega halijachoka. Tenende alishika mti wa mbele, akakataa kupokewa, mpaka bega likachubuka.

Walifika zahanati jua limeanza kulegea. Gari la kumpeleka hospitali lilikuwapo, limewashwa. Mganga alimpapasa mzee tumbo, akamfunika taratibu.

"Ngiri ilijinyonga," alisema. "Mngemleta asubuhi, angepasuliwa, angerudi nyumbani kwake."

Tenende akasogea. "Daktari, mchana alipuliza baragumu. Je, kupuliza kule ndiko..."

Mganga alimtazama huyu mtu aliyejaa vumbi na damu begani, asielewe anaulizwa nini. "Mngemleta asubuhi," alirudia.

Mzee Kiondo hakuliona jua la pili.

Siku ya kuanua matanga, watu walijaa uani pasiwe na pa kukanyaga. Mama mmoja, akitafuta neno la kumfariji mfiwa, akamwambia Bi Nakijwa: "Usidhani tulimsahau, dada. Siku ile tulimwandikia sana kwenye simu."

Bi Nakijwa akainua uso. "Mlimwandikia?"

"Sana, dada yangu."

Akamtafuta Tenende kwa macho. "Mwanangu, mimi sijui kusoma. Njoo unisomee, nami niwajue waliomkumbuka mume wangu."

Tenende alitaka ardhi ipasuke. Lakini mfiwa hakataliwi. Akakaa kwenye mkeka mbele yake, akatoa simu, akaanza kusoma. Alisoma jina, akasoma maneno. "Ugua pole, baba yetu." Bi Nakijwa akaitikia, "Ahsante, mwanangu," akimtafuta mwenye jina hilo kati ya watu. "Tuko pamoja." "Ahsante, baba." "Mungu akuinue, Mzee." "Ahsante." Mmoja baada ya mwingine waliitwa, mmoja baada ya mwingine wakainamisha vichwa. Aliyekuwa akimenya viazi aliacha.

Akafika kwenye maneno yake mwenyewe. Angeweza kuyaruka, nani angejua? Akaweka kidole juu yake.

"Hapa nimeandika mimi, mama. Senzota aliuliza kama mgonjwa ametoka. Nikamjibu, wako njiani." Akaiweka simu mkekani. "Nilikuwa nimekaa nyumbani. Sikuwa nimekwenda kuangalia."

Bi Nakijwa alimtazama. Akawatazama na wengine, uso kwa uso, ua mzima.

"Mimi mambo ya simu siyajui," alisema polepole. "Ninalojua, mtu humwandikia mwenzake akiwa mbali naye. Aliye karibu huja. Kumbe siku ile nyote mlikuwa safarini." Akajifunga kanga vizuri kifuani. "Poleni na safari, wanangu."

Mpaka leo hakuna anayejua kama bibi yule alisema kwa wema wake au alisema kwa makusudi. Wala hakuna aliyepata ujasiri wa kumuuliza.

Tenende hakufunga grupu. Bei za maharage bado zinatumwa humo, na picha ya baragumu ingali pale pale. Ila pembe yenyewe hailali tena ofisini. Kila Jumamosi yeye mwenyewe hukaa kwenye jiwe la nyuma ya nyumba yake akijifunza kupuliza, na majirani wanalalamika kama walivyomlalamikia Mzee Kiondo. Ngata zimerudi nyuma ya milango. Machela ikiitwa, mtu haandiki kitu, anakwenda.

Bi Nakijwa akisikia baragumu hutoka kizingitini akasimama. Husikiliza mvumo wa kwanza na wa pili. Wa tatu ukipanda ukafika juu bila kukatika, hurudi ndani akafunga mlango.

Funzo: Pole iliyoandikwa haijawahi kuteremsha mgonjwa mlimani. Ukisikia mwenzako wa karibu yuko taabani, inuka kwanza, maneno utayasema ukishafika. Na usimwambie mtu "wako njiani" ikiwa wewe mwenyewe hujatoka nyumbani.